Kabla ya Kununua Kripto, Jua Utatokea Wapi

Watu wanaofika kwenye meza yangu hapa Busia, upande wa Uganda, wakishajua kwamba nafanya pia biashara ya sarafu za kidijitali, yaani kripto, karibu wote huja na swali moja: "Dada, ninunue ipi?" Waendesha boda huuliza hivyo, walimu huuliza hivyo, hata mawakala wa forodha wenye magari yao. Nami huwarudishia swali langu: siku utakapotaka pesa yako irudi mkononi ikiwa shilingi, itapitia wapi, itachukua muda gani, na nani anaweza kuifunga njia hiyo? Wengi hunyamaza. Kwangu mimi hapo ndipo hatari yote ilipo, na nimeona watu wazuri, wenye akili, wakipoteza pesa ya miaka kwa sababu hawakulifikiria jambo hilo mapema.

Kazi yangu ni kubadilisha pesa. Shilingi ya Kenya kwa ya Uganda, dola, na mara moja moja shilingi ya Tanzania. Niliirithi kwa Mama, ambaye aliisomesha familia nzima kwa kazi hiyo. Mama hakuwahi kukubali mtaji wote ulale kwenye sarafu moja. Asubuhi alikuwa akigawa: fungu la shilingi ya Kenya, fungu la shilingi ya Uganda, na fungu la tatu ambalo halikufika mpakani kabisa, lilibaki kwa shangazi yangu. Nilipokuwa msichana niliona fungu hilo la tatu kama pesa iliyolala bure. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, pesa iliyoko mezani hesabu imekwisha kuondoka. Ikirudi, shukuru."

Machi 2020 korona ilipoingia, mpaka ulifungwa kwa abiria. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini watu wa miguu, wale ambao sisi tunaishi kwa ajili yao, walikatika. Baadhi ya wenzetu walikuwa wameshika shilingi ya Kenya tupu, na wateja wa kuinunua hawakuwepo tena. Pesa walikuwa nayo mfukoni na bado walikopa unga. Nyumbani kwetu tulikula lile fungu la tatu. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kununua Bitcoin kidogo kidogo, na nilichokiona mpakani mwaka ule ndicho kilichoniongoza katika kripto kuliko video yoyote ya mtandaoni.

Sasa tuangalie njia zetu sisi wa Uganda. Kwa muda, mambo yalikuwa mepesi. Binance, soko kubwa la mtandaoni la kripto, ilifungua tawi lake la Uganda mwaka 2018, ukaweza kuweka shilingi moja kwa moja na kununua. Tawi hilo likafungwa kabla ya 2020 kwisha. Oktoba 2019 Wizara ya Fedha ilikuwa imeshatangaza kwamba serikali haitambui sarafu za kidijitali kama pesa halali. Kisha, tarehe 29 Aprili 2022, Benki Kuu ya Uganda ikatoa waraka kwa watoa huduma za malipo wenye leseni: msisaidie mtu kugeuza kripto kuwa pesa ya simu, wala pesa ya simu kuwa kripto. Waraka huo ulipopingwa, Mahakama Kuu ilikataa ombi hilo mwaka 2023.

Waraka ulielekezwa kwa makampuni ya malipo, si kwa mtu mwenye waleti yake, yaani pochi ya kidijitali ya kuhifadhia sarafu. Lakini matokeo yake kwa mtu wa kawaida ni makubwa. Njia iliyobaki ni P2P, yaani mimi na wewe tunauziana: wewe unanitumia shilingi kwa simu, mimi naachia USDT, sarafu ya kidijitali inayotakiwa kukaa kwenye thamani ya dola moja. Soko la mtandaoni linazishikilia zile sarafu katikati mpaka nithibitishe kwamba nimelipwa. Kati ya shilingi na sarafu hakuna benki inayosimama, na ukidhulumiwa kwenye upande wa shilingi hakuna dirisha la kwenda kulalamika ukasikilizwa haraka. Mtu anayeweka pesa yake yote humo anapaswa kujua kwamba mlango wa kutokea ni mwembamba, na unaweza kuwa mwembamba zaidi kesho kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Kuna mlango mwingine ambao watu husahau kabisa: intaneti yenyewe. Siku ya uchaguzi ya tarehe 18 Februari 2016 mitandao ya kijamii ilizimwa na pesa za simu zikazimwa pia. Uchaguzi wa Januari 2021 ulikuwa mzito zaidi. Usiku wa tarehe 13 intaneti nzima ilikatwa nchini, ikarudi tarehe 18.

Shemeji yangu alikuwa Mbale. Ni mtu makini, amesoma, na alikuwa ameshapata faida nzuri mwishoni mwa 2020 Bitcoin ilipokuwa ikipanda. Jioni ya tarehe 13 alifungua dau la kupanda, yaani la kubashiri kwamba bei ya Bitcoin itapanda, kwa levereji ya mara 25. Kwa asiyejua, levereji ni soko kukukopesha: unaweka shilingi moja, unashika mzigo wa shilingi 25. Mzigo huo ukishuka asilimia nne tu, na kwa kweli hata kabla haijatimia nne, shilingi yako imekwisha na soko linakufungia dau lenyewe ili mkopo wake usiguswe. Shemeji alikuwa na desturi ya kulisimamia dau kwa macho. Hakuweka agizo la kuuza juu wala la kukata hasara chini, kwa sababu simu ilikuwa mkononi muda wote.

Tarehe 14, intaneti ikiwa imekufa, Bitcoin ilipanda mpaka karibu dola 40,000. Shemeji alikuwa na faida kubwa ambayo hakuweza kuiona. Tarehe 15 ikashuka chini ya dola 35,000. Sisi wa Busia tulikuwa na bahati ya kijiografia: ukisogea karibu na mpaka, laini ya Kenya inashika mtandao wa ng'ambo, kwa hiyo bei niliziona. Nilimpigia simu ya kawaida. Aliniuliza bei, nikamtajia, akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Basi, shemeji. Imeshaondoka." Alipofungua programu tarehe 18 alikuta kilekile alichokisema.

Alichonifundisha bila kukusudia nimekishika hadi leo. Agizo unaloliacha kwenye soko linakaa kwenye kompyuta za soko, halikai kwenye simu yako. Umeme ukikatika, bando likiisha, nchi nzima ikizimwa, agizo linafanya kazi. Kama angeacha agizo la kuchukua faida dola elfu mbili tu juu ya bei aliyoingilia, lingejilipa lenyewe tarehe 14 akiwa amekaa barazani. Tangu hapo sifungui dau lolote ambalo kutoka kwake kunategemea mimi kuwa macho na kuwa na mtandao. Maagizo yote mawili, la juu na la chini, huyaweka dakika ileile ninaponunua. Na wiki za uchaguzi nafunga kila kitu cha muda mfupi, iwe na faida au bila faida. Levereji siigusi kabisa, kwa sababu katika nchi ambayo njia ya kutoka inaweza kufungwa siku tano, mkopo wenye kikomo cha asilimia nne hauna nafasi katika akiba ya familia.

Tuje kwenye hesabu ya dau, maana hapa ndipo mtu ana mamlaka kamili. Bei huitawali. Waraka wa Benki Kuu huutawali. Ukubwa wa dau unautawala wewe peke yako, na hakuna anayeweza kukunyang'anya uamuzi huo.

Mimi hufanya hivi. Kwanza naamua ni shilingi ngapi niko tayari kupoteza kwenye dau hili moja. Kiwango changu ni asilimia moja ya fungu la biashara, yaani pesa niliyoitenga kwa kununua na kuuza kripto. Halafu natafuta kwenye chati mahali ambapo, bei ikifika, nitakubali kwamba sababu yangu ya kununua haipo tena. Napima umbali kutoka bei ya kununulia mpaka pale, kwa asilimia. Kisha nagawa: kiasi cha kupoteza kwa umbali huo. Jibu ndilo ukubwa wa dau.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ni wa Mei 2021, mwishoni mwa Ramadhani. Fungu la biashara lilikuwa shilingi milioni mbili. Asilimia moja ni 20,000. Nilinunua Bitcoin ikiwa karibu dola 56,000, na mahali pa kukubali kushindwa palikuwa 53,200, yaani asilimia tano chini. Elfu ishirini ukigawa kwa asilimia tano unapata 400,000. Basi nilinunua ya laki nne, nyingine milioni moja na laki sita ikabaki USDT. Jirani mmoja aliyekuwa akitazama alinishangaa: una milioni mbili, unaogopa nini?

Usiku wa kuamkia Idd nilikuwa jikoni na dada zangu, tunakata vitunguu vya pilau, watoto wamelala na nguo mpya zimening'inizwa mlangoni. Usiku huohuo Elon Musk alitangaza kwamba Tesla imeacha kupokea Bitcoin kwa malipo ya magari. Bei, ambayo ilikuwa imeshaanza kulegea mchana, ilianguka mpaka karibu dola 49,000. Agizo langu lilijiuza lenyewe, chini kidogo ya bei niliyoandika kwa sababu soko lilikuwa likikimbia, na pamoja na ada nikapoteza kama elfu ishirini na moja. Niliona ujumbe asubuhi, baada ya swala ya Idd. Pilau nilikula vizuri. Juma lililofuata, tarehe 19 Mei, Bitcoin ilishuka mpaka karibu dola 30,000 katika siku moja. Dau lilelile bila agizo lingekuwa limepungua shilingi 185,000. Na kama ningeingiza milioni mbili zote kama jirani alivyotaka, zingekuwa zimeondoka zaidi ya laki tisa.

Kwa nini naing'ang'ania asilimia moja? Kwa sababu hasara na faida hazitembei sawa. Ukipoteza asilimia 20, unahitaji faida ya asilimia 25 kurudi ulipokuwa. Ukipoteza 50, unahitaji 100. Ukipoteza 90, unahitaji 900, na hapo watu wengi huacha hesabu wanaanza kuomba muujiza. Mtu anayepoteza asilimia moja moja anaweza kukosea mara kumi mfululizo na bado ana zaidi ya tisini ya mtaji wake, na bado ana akili ya kufikiri. Hilo la akili nalitilia mkazo. Nimeona kwenye meza ya kubadilisha pesa pia: mtu aliyepigwa sana hubadilisha bei kwa hasira, na mteja anayefuata humla tena.

Kabla ya hesabu ya dau lakini, kuna mgawanyo mkubwa zaidi, wa pesa ya nyumba nzima. Karo, kodi, na mtaji wa meza haviingii kripto kamwe, hata kwa siku moja, hata bei ikiwa inaita. Uganda tuna mihula mitatu ya shule, na kila muhula una tarehe yake isiyosubiri soko. Pesa yenye tarehe haiwezi kukaa mahali pasipo na tarehe. Nimemwona baba mmoja wa hapa jirani akiuza Bitcoin Juni 2022, wakati bei imeshuka vibaya, kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani. Aliuza akijua ni bei mbaya. Sarafu aliyochagua ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba pesa ile ilikuwa na kazi nyingine.

Kinachobaki baada ya hayo ndicho akiba. Katika kila shilingi 100 ya akiba, 80 ziko nje ya kripto. Nyingi ya hizo ni hati fungani za serikali, ambazo Benki Kuu huuza kwa mnada na unaweza kuanza na thamani ya shilingi 100,000 kupitia benki yako. Watu wa kripto huzidharau, lakini hati ndefu za Uganda zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia kumi kwa mwaka, kwa shilingi, bila kukesha. Mimi huzitumia kama kipimo: kama biashara yangu ya kripto haiwezi kulipa zaidi ya hati fungani kwa mwaka, baada ya ada zote, basi nasumbuka bure, na fungu lile linapaswa kupunguzwa. Imeshatokea mwaka mmoja nikalipunguza.

Zile 20 zilizobaki ndizo za kripto. Kumi ni Bitcoin ambayo siiuzi kwa ajili ya habari za wiki. Nane ni fungu la biashara, lile la asilimia moja. Mbili ni za sarafu ndogo, na hizi nimeshaziandika kwenye daftari kama zimekwisha tumika. Zikizaa, nafurahi. Zikifa, hakuna kinachobadilika jikoni.

Kuna jambo hapa ambalo vijana wengi hulipita mbio. Mtu ananionyesha simu: dada, mimi sina hatari, nimegawa, nina sarafu kumi na mbili. Naangalia. Zote kumi na mbili hushuka siku ambayo Bitcoin inashuka, na hushuka zaidi yake. Huko si kugawa. Ukitaka kugawa kweli, uliza: siku Bitcoin ikianguka nusu, kipi kati ya vitu vyangu hakitaguswa? Kwangu jibu ni hati fungani, mtaji wa meza, na kwa kiasi fulani USDT.

Nasema kwa kiasi fulani kwa makusudi. Mei 2022 sarafu iliyoitwa UST, iliyotakiwa kukaa dola moja daima, ilikatika, na pacha wake Luna, iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya dola 80 mwezi huo ulipoanza, ikawa haina thamani ndani ya wiki moja na kidogo. UST haikuwa na dola nyuma yake, ilishikiliwa na hesabu za programu. Sawa, mtu atasema hiyo ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Lakini Machi 2023 hata USDC, yenye dola halisi nyuma yake, ilishuka kwa muda mfupi chini ya senti 90 kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye Silicon Valley Bank iliyofilisika. Ilirudi dola moja, ndiyo. Kwa mtu aliyelazimika kuuza wikendi ile, haikurudi. Kwa hiyo hata pesa ninayoiita tulivu siiweki yote kwenye sarafu moja, wala siiachi huko ikikaa miezi bila sababu.

Na mahali pa kuhifadhia ni hatari peke yake. FTX ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa duniani mpaka ilipoomba kufilisiwa tarehe 11 Novemba 2022. Watu waliokuwa na Bitcoin nzuri kabisa humo waliamka wakawa wadai kwenye kesi ya ng'ambo. Ile Bitcoin yangu ya muda mrefu iko kwenye waleti yangu mwenyewe, na yale maneno 24 ya kuifungulia yako kwenye karatasi, sehemu mbili tofauti, hayajawahi kupigwa picha wala kutumwa kwa ujumbe. Mume wangu anajua yalipo na anajua ya kufanya nayo. Kwenye soko la mtandaoni naacha fungu la biashara tu. Na kila ninapohamisha, natuma kwanza kiasi kidogo cha majaribio, kwa sababu USDT hupita kwenye mitandao tofauti, na ukichagua mtandao ambao upande wa pili haupokei, pesa inaweza kupotea bila mtu wa kuirudisha. Ada ya jaribio ni ndogo kuliko usiku mmoja wa wasiwasi.

Sasa niwaonyeshe P2P kwa karibu, maana wengi wanaopoteza Uganda hupotezea pale na si kwenye chati.

Nauza USDT. Mnunuzi anabonyeza kwamba ameshalipa, na kwenye simu yangu unaingia ujumbe wenye maneno yaleyale ya mtandao, kiasi kilekile, salio jipya. Siusomi. Napiga *165# na kuangalia salio langu mwenyewe, kwa sababu ujumbe wa uongo unatengenezwa na mtoto wa shule. Salio likiwa limeongezeka, naangalia jina la aliyetuma. Siku moja jina la mnunuzi kwenye soko lilikuwa la mwanamume, na pesa imetoka kwenye laini ya mwanamke. Nikamuuliza. Akasema ni mke wangu, fanya haraka nina mgonjwa. Sikuachia sarafu. Nilimwandikia kwa adabu kwamba pesa nitaizuia ilipo mpaka soko lifanye uamuzi, nikawasilisha picha za muamala. Kabla jioni haijafika yule mama alipiga simu mwenyewe akiuliza simu yake aliyonunua itafika lini. Hakujua kripto ni nini. Tapeli alimwuzia simu hewa, akampa namba yangu kama namba ya kulipia. Kama ningeachia, tapeli angeondoka na USDT, mama angekwenda polisi, na laini inayofungiwa ingekuwa yangu, ndiyo laini ninayofanyia kazi. Alirudishiwa pesa yake.

Kwa sababu hiyo nina laini ya P2P peke yake, ambayo siweki humo zaidi ya ninachoweza kukosa kwa mwezi mzima ikifungwa. Nauza kwa vipande vidogo. Nauza mchana, siuzi usiku nikiwa nimechoka. Na kwenye hesabu ya faida natoa kila kitu mapema: tofauti ya bei ya kununua na kuuza, ada ya soko, ada ya wakala, na ule ushuru wa asilimia 0.5 wa kutoa pesa kwenye simu. Dau lililoonekana na faida ya asilimia mbili kwenye programu, likifika mkononi huwa limepungua sana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu lina mstari wa kila dau: sababu ya kununua, umbali, kiasi, na kilichofika mkononi kikiwa shilingi.

Kuhusu vikundi vinavyoahidi faida ya kudumu nitasema machache, kwa kuwa yanaumiza. Dunamiscoins ilipofunga ofisi zake mwishoni mwa 2019, watu walioweka akiba humo walifika hadi bungeni kulalamika. Kulikuwa na walimu, wanawake wa sokoni, vijana waliouza pikipiki. Mtu akikuahidi asilimia fulani kila mwezi bila kushindwa, hakuna mgawanyo wala hesabu ya dau itakayokuokoa, kwa sababu njia ya kutoka iko mikononi mwake yeye. Pesa ya chama chetu cha akina mama haigusi kripto, na mimi ndiye mweka hazina niliyelikataa pendekezo hilo, ingawa wenzangu walijua ninafanya biashara hiyo. Yangu ni yangu. Ya chama ina wenyewe ambao hawajui kupiga hesabu ya umbali, na hawakuomba kujifunza kwa njia hiyo.

Faida nayo ina njia yake. Kila muhula wa shule unapokaribia, fungu la biashara likiwa limevuka kiwango chake cha nane katika mia, ziada inatoka, inakuwa shilingi, inakwenda kwenye hati fungani au inaongeza mtaji wa meza. Siiachi ikakua tu kwa sababu inakua. Mwishoni mwa 2024 Bitcoin ilipovuka dola 100,000, fungu langu la kripto lilikuwa limevimba mpaka likawa zaidi ya theluthi ya akiba yote bila mimi kuongeza hata shilingi. Nilipunguza. Bei iliendelea kupanda baadaye, na Oktoba 2025 ilifika karibu dola 126,000 kabla ya kuporomoka siku chache baadaye. Sikusikitika kwa nilichouza. Kwa pesa ile tulinunua kiwanja, na hati ya kiwanja hicho haihitaji mtandao.

Yule mwendesha boda aliyeniuliza majuzi anunue ipi, nilimuuliza ana kiasi gani. Akasema laki tano, aliyoikusanya kwa ajili ya kubadilisha injini. Nikamwambia abadilishe injini. Akinirudia na akiba isiyo na kazi nyingine, hata ikiwa elfu hamsini, tutakaa naye chini: anunue USDT ya elfu kumi kwa P2P, aihamishie kwenye waleti, airudishe sokoni, aiuze, aione imerudi kwenye simu yake ikiwa shilingi. Akishaifanya safari hiyo yote kwa mikono yake mwenyewe, na kuandika kila ada iliyokatwa, ndipo tutazungumza habari ya chati.